Shimo la Winga wa Kulia

Timu moja ya mpira, ya daraja la chini, katika mji mdogo wenye stendi moja na mabango mengi, ilipata kocha msaidizi mpya. Kocha mkuu alikuwa amelazwa kwa maumivu ya mgongo, zimebaki mechi mbili, na timu ilikuwa na nafasi ya kupanda daraja kwa mara ya kwanza tangu iundwe. Wale msiopenda mpira leo mtanivumilia. Wengi wenu mnaujua mpira kuliko mnavyoijua Biblia, kwa hiyo nimeamua kuwafuata huko huko.

Wanachama wakaitana kumpima huyo kocha. Hilo ndilo neno walilotumia, kumpima, kama gunia la mahindi. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki katikati, wao wakamzunguka. Umecheza ligi gani? Akasema hajacheza ligi, alicheza chuo cha ualimu, tena msimu mmoja, goti likagoma. Umefundisha timu gani? Shule ya msingi, miaka sita. Hapo walicheka mpaka waliokaa nyuma ambao hata hawakusikia jibu. Mmoja akataka kujua kama wachezaji watakuwa wanapigiwa kengele ya uji. Mtunza vifaa, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile akishika mfuko wa barafu, alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa, kama mtaalamu.

Nawauliza: katika watu wale wote, nani alikuwa amewahi kuipandisha timu daraja? Hakuna hata mmoja. Lakini kupima walipima.

Mwishoni mwenyekiti, kwa ukarimu wake, akamruhusu naye aulize swali kama analo. Akasema analo moja.

"Nimeutembelea uwanja wenu asubuhi. Upande wa kulia, hatua kumi kabla ya kibendera cha kona, kuna shimo linalomeza mguu mpaka gotini. Mbona halijafukiwa?"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mwenyekiti akamwekea mkono begani.

"Mwalimu, huyo ndiye mchezaji wetu wa kumi na mbili. Sisi tunajua alipo. Wageni hawajui."

Shimo hilo lilibaki pale tangu kilipong'olewa kisiki, miaka mingi nyuma. Mchezaji mpya, kabla hajapewa jezi, alipelekwa kuonyeshwa. Alifundishwa: ukija na mpira upande huu, hatua tatu kabla ya hapa, kata ndani. Winga wao wa kulia alifundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na minne. Sasa ana ishirini na miwili, ana mbio za ajabu, na alikuwa anakata ndani bila hata kutazama chini. Wageni ndio walioanguka. Mmoja alitolewa kwa machela, mfupa umechomoza. Watu wa timu wakasema pole, kisha wakaendelea kuongoza kwa bao moja.

Jumanne ya wiki ya kwanza, asubuhi, kocha msaidizi alikuja na toroli la kifusi, akalifukia shimo, akalishindilia, akalimwagia maji. Saa kumi jioni wanachama walikuwa wamejaa uwanjani. Watu wazima, ndugu zangu, wenye watoto na wajukuu, wakachukua majembe na machepe wakalichimba upya. Mhandisi mmoja akasimamia vipimo. Walibishana kuhusu kina, katibu akishikilia kwamba lile la zamani lilikuwa refu zaidi kidogo. Kisha wakamwandikia kocha barua ya kumwondoa. Barua ilikuwa na sababu moja tu: hana uzoefu.

"Uzoefu wa nini?" aliuliza.

"Wa hapa," katibu akamjibu.

Siku kumi na moja baadaye ikachezwa mechi ya mwisho, ile ya kupanda daraja, kwenye uwanja wa mkoa. Nyasi zimekatwa, ardhi imelala sawa kama meza. Mwenyekiti mwenyewe kakaa kwenye benchi la ufundi, kavaa koti. Dakika ya themanini na nane, hakuna bao. Winga wa kulia akachomoka na mpira. Beki kabaki nyuma kabisa, amekata tamaa. Kipa katoka, kapotea njia. Pale katikati mshambuliaji wao yuko peke yake, kanyanyua mkono, anasubiri krosi. Mbele ya winga hakuna mtu. Ni nyasi tu, mpaka kwenye chaki.

Hatua tatu kabla ya pale, akakata ndani.

Akamrudia beki ambaye alikwisha kumwacha. Beki naye alishangaa, lakini zawadi hairudishwi, akauchukua mpira akaupiga mbele. Wapinzani wakafunga. Refa akamaliza.

Winga walimkuta amekaa pale pale, anapapasa nyasi kwa kiganja. Kapteni wake akamwinamia.

"Ulikuwa unamkwepa nani?"

"Shimo."

"Shimo gani, ndugu yangu?"

Aliendelea kupapasa.

Na wanachama? Kabla basi halijatoka mjini walikuwa wamekubaliana kwamba kosa ni la kocha msaidizi. Hakuwaandaa vijana. Yule yule waliyemfukuza siku kumi na moja nyuma. Tulisema hana uzoefu, wakakumbushana, na kila mmoja akaridhika kwamba alikuwa ameliona mapema.

Mmecheka. Haya. Sasa tuache mpira.

Jumatano iliyopita baraza la wazee wa kanisa hili lilikaa saa tatu nzima kumpima mwinjilisti msaidizi tuliyeletewa, dada huyu aliyekaa karibu na dirisha. Tulimuuliza alihudumu wapi, kwa miaka mingapi, na kama ameolewa. Tulipomaliza tukamruhusu naye aulize. Akauliza swali moja. Kwa nini mabinti wa kwaya hawaendi peke yao kuchukua ufunguo wa stoo ya vyombo? Kwa nini wanakwenda watatu, wawili wanaingia na mmoja anabaki mlangoni?

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Dada, wewe bado mgeni hapa." Sisi wengine, na mimi nikiwemo, tukatazama meza.

Sisi tunajua shimo lilipo. Mama zetu walituambia, ukitumwa kule nenda na mwenzako. Nasi tumewaambia binti zetu maneno hayo hayo, tukiwasuka nywele, na tukajiona tunalea. Mtoto wa waliohamia juzi, ambaye hakuna aliyemwambia, akianguka tunasema pole, tunaendelea na ibada. Nani humu amewahi kushika chepe? Na anayekuja nalo, tunamuuliza ana uzoefu wa miaka mingapi. Uzoefu upi tunaoutaka sisi? Wa kupita pembeni. Huo kweli hana, na Mungu amlinde asiupate.

Yuko mama mmoja aliyeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya hii, miaka ishirini iliyopita. Ameniruhusu niseme hili. Anaishi mbali, ana nyumba yake, ana mume mwema. Mpaka leo hawezi kukaa kwenye chumba na mwanamume mlango ukiwa umefungwa, hata akiwa daktari, hata akiwa baba yake mzazi. Huko aliko ardhi imelala sawa, na yeye bado anakata ndani. Hilo tulimfundisha sisi.

Leo sitawaambia tuombe. Tumeliombea shimo hili miaka mingi huku tukilizunguka. Kesho asubuhi mimi na mwinjilisti tunakwenda dawati la jinsia pale kituo cha polisi, na binti yeyote au mama yeyote anayetaka kwenda nasi, tutakwenda naye. Baraza likitaka kuniandikia barua, sababu ninayo tayari, wasihangaike kuitafuta.

Kwa sasa nataka kitu kimoja. Ufunguo wa stoo uko kwenye mfuko wa koti la mtu aliyekaa humu, na kila mmoja wenu anajua ni koti lipi. Uletwe hapa mezani. Kwaya haitaimba, sadaka haitapita, na mimi sishuki hapa mpaka ufike.

Nasubiri.