Bangi ya Ndani

Kaeni, lakini kila mtu amwangalie jirani yake vizuri.

Siwema alikuwa na mkono. Aliweza kutoa kimeng'enya kwenye ubongo wa mbuzi bila kukiharibu.

Mkude alikuwa na jicho. Ndiye aliyegundua ni mafuta gani kimeng'enya hicho hukata mwilini ili kutengeneza mjumbe wa kutuliza maumivu, ndugu wa karibu wa kile kilichomo kwenye bangi.

Mwanahawa alikuwa na ulimi. Mfadhili aliyekuja kufunga maabara yao aliondoka ameahidi mashine mpya.

Walikuwa na utani wao: chini ya kifuniko cha boksi la barafu walimohifadhi kimeng'enya, Mkude aliandika BANGI YA NDANI.

Asubuhi moja akaingia polisi. Mlangoni akajigonga goti.

"Tumepigiwa simu. Humu mnapika bangi. Leteni hilo boksi."

Boksi likipata jua, kimeng'enya kimekufa, na nafasi pekee ya mmoja wao kwenda kusomea uzamivu imekufa nacho.

Siwema akalikumbatia. "Afande, nibebe na mimi basi."

Mkude akachukua tone moja tu, akalitia kwenye mafuta, akamwonyesha kwenye mashine mjumbe akizaliwa. Hakuna jani, hakuna moshi. Afande akakodoa macho tu.

Mwanahawa akasogea. "Afande, hii hata wewe unayo."

"Mimi?"

"Mwilini. Goti lako bado linauma kama pale mlangoni?"

Afande akalipapasa goti, akacheka, akaliacha boksi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ila aliyepiga simu alituambia tutazame chini ya kifuniko. Akatutajia na maandishi."

Boksi lile halikuwahi kufunguliwa na mtu wa nne. Hata Profesa Kitwana, mkuu wa maabara, ambaye jina lake hutangulia kwenye kila kazi wanayochapisha, hajawahi kuligusa.

"Siwema," Mkude akasema, "jana ulijaza barafu maradufu ya nini?"

"Na wewe mashine uliiwashia nani alfajiri?"

"Mwulize Mwanahawa," Mkude akajibu. "Maneno yake yalitoka kama shairi la kukariri."

"Mwenye mwandiko wa kifuniko ananiuliza mimi?"

Akikosekana mmoja wao, kimeng'enya hakipo. Na mmoja wao alitaka kisiwepo, au alitaka tu aonekane akikiokoa.

Profesa ameshika kalamu, anasubiri jina moja la atakayekwenda kusomea uzamivu.

Je, wewe ungemwambia aandike nani? Na huyo uliyemchagua, ungemwachia simu yako?