Gugumia Atafuta Mlango wa Wakubwa

Paukwa!
Pakawa.
Nyie mnaitikia au mnapiga miayo? Paukwa!
PAKAWA!
Haya, afadhali. Tegeni masikio, sirudii.

Digidigi alichomwa mwiba kidoleni, akawa anachechemea, na Chui anamnyemelea. Ndani ya kidole, ukutani mwa mshipa wa damu, alikaa Bitana, mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Yeye ndiye ukuta, yeye ndiye bawabu.

Vijidudu vilipoingia na mwiba, Bitana alipaka ulimbo ukutani. Askari weupe wakaja na damu, biringi, biringi, nata! Akawafungulia upenyo, wakapenya, wakavila vijidudu vyote. Kidole kikavimba, kikawaka moto.

Ndipo akaja Gugumia, askari mweupe mwenye tumbo kubwa kuliko wote.

"Fungua, dada! Nasikia harufu ya karamu."

"Karamu imekwisha, kaka."

"Basi nitakula nyama ya kidole."

"Kidole kikizidi kuvimba, Digidigi hatakimbia. Chui atatumaliza sote!"

"Nishibe kwanza."

Bitana akashusha pumzi. Yaani tangu asubuhi ni fungua, fungua, fungua! Tumbo halina masikio, bwana.

"Sawa, kaka. Mlango wa wakubwa uko mbele kidogo. Fuata damu."

Akafuta ulimbo, akabana upenyo. Gugumia akateleza, wuuu! Akapita pajani, akapita moyoni, du-du, du-du, akapita mapafuni, akarudi pale pale.

"Dada, mlango wa wakubwa?"

"Mbele kidogo, kaka."

Wuuu! Paja, moyo, du-du, du-du, mapafu, pale pale.

"Dada, mbona unafanana na yule wa kwanza?"

"Tuko ndugu wengi, kaka. Mbele kidogo!"

Wuuu! Akazunguka mpaka akazeeka, maana askari hawa hawaishi siku nyingi. Alipofika kwenye wengu, akaanguka, pu! Wazoa taka wa mwili wakamla yeye, tumbo na yote.

Uvimbe ukashuka. Chui akaruka, Digidigi akaruka zaidi, twaa! Chui akabaki na vumbi mdomoni.

Ngano yangu imepenya, upenyo nimeubana.

Mnataka na funzo? Kwani mlikuwa mnasikiliza nini? Haya: mgeni akiuliza njia, mwelekeze vizuri, wala usidanganye wakubwa.

Na wewe huko nyuma unayeuliza mlango wenyewe ulikuwa wapi, mbele kidogo!