Zana ya Maneno Manne

Mwiba ni kitu kidogo, na wengi wetu tukichomwa huung'oa nusu, tukaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Wahenga hawakuwa na mzaha waliposema kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Walimaanisha kwamba dogo linalopuuzwa leo ndilo litakalomlaza mtu kesho. Mwenye kubisha na amtazame Mkato.

Mkato alikuwa fundi wa programu za kompyuta. Jina hilo alipachikwa na wenzake kwa kuwa alichukia maneno mengi. Hata salamu aliijibu kwa kutikisa kichwa. Alibuni programu ya kuhifadhia madokezo, na ndani yake akaweka msaidizi wa akili mnemba, ili mtu aseme tu anachotaka, naye amfanyie. Msaidizi huyo hakuweza kuona kilichomo ndani ya zana alizokabidhiwa. Alisoma maelezo mafupi ya kila zana, akachagua, akatenda.

Zana moja iliongeza maneno mwishoni mwa dokezo. Nyingine ilifuta kwanza yote yaliyokuwamo, ndipo ikaandika mapya. Maelezo ya hii ya pili Mkato aliyamaliza kwa maneno manne: "Huandika maandishi katika dokezo." Habari ya kufuta hakuigusa.

Mkaguzi, mwanamke wa meza ya jirani aliyekuwa akizijaribu programu kabla hazijatoka, aliliona pengo hilo.

"Kaka, sema wazi kwamba inafuta," alimwambia. "Msaidizi hajui ila ulichomwambia."

"Huyo amesoma vitabu vya dunia nzima, atashindwa na hili? Nimeijaribu, inafanya kazi."

Ni kweli aliijaribu, lakini kila mara alifungua dokezo jipya, tupu, na pasipo na kitu hapafutiki kitu. Mkaguzi alipomkumbusha hilo, Mkato alimcheka kuwa ana wasiwasi kama mama mkwe. Mkaguzi akarudi kwenye kazi yake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa, Mkato alikuwa na dada mkubwa, aliyemuuguza mama yao. Kumbukumbu za mama zilikuwa zikipukutika, na kila siku dada aliketi kando ya kitanda akiandika alichosema: majina ya watu wa ukoo, wimbo wa kubembelezea aliowaimbia wakiwa wachanga, jinsi alivyokutana na baba yao na kugombana naye siku hiyohiyo. Yote aliyaweka katika dokezo moja refu. Kisha mama akanyamaza kabisa. Alikuwa hai, macho darini, ila neno halikutoka tena. Lile dokezo ndilo lililobaki la sauti yake.

Mkato, kwa kujigamba, alimwekea dada programu yake kabla haijaidhinishwa. Akalihamishia humo dokezo la mama na kulifuta kule lilikokuwa, eti mambo yasiwe mawilimawili. Sehemu ya kutunza nakala za akiba alikuwa hajaijenga. Aliona itasubiri.

Asubuhi moja mama alifumbua kinywa. Alimwita dada kwa jina, mara moja tu, akanyamaza. Dada alikuwa akimwogesha, mikono imejaa sabuni, machozi yakimtoka kwa furaha. Akaiambia simu iliyokuwa mezani, "Andika kwenye dokezo la mama: leo ameniita jina langu."

Msaidizi alitii. Alitafuta zana inayoandika, akaipata, akaandika. Dada alipokausha mikono na kufungua dokezo ili alisome tangu mwanzo, alikuta mstari mmoja.

Mkato alikuja mbio. Alipekua kila mahali, akatoka mikono mitupu. Dada akamuuliza kama mashine ndiyo iliyokosea. Angeweza kuitikia tu, na dada asingejua tofauti.

"Haikukosea, dada. Sikuiambia kwamba zana ile inafuta."

"Hukujua kama ni lazima uiambie?"

"Niliambiwa."

Dada hakupandisha sauti. Alimfunika mama miguu, akasogea kumpisha mdogo wake kitini.

"Basi muombe mwenyewe," alisema. "Mwambie arudie."

Mkato akaketi, akamwita mama, tena na tena. Mama alimtazama kama atazamwavyo mgeni aliyekosea mlango, kisha akayarudisha macho darini.

Kesho yake Mkato aliiandika ile sentensi: "Tahadhari: hufuta yote yaliyokuwamo." Chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza kuandika. Mkaguzi aliisoma, akaipitisha, wala hakumkumbusha neno. Tangu hapo hakuna mtumiaji mwingine aliyepoteza dokezo lake. Nyumbani, dada humfungulia Mkato mlango, humjibu salamu kwa kutikisa kichwa, na hamsimulii tena lolote kuhusu mama.

Mdharau mwiba mguu huota tende, na si lazima uwe mguu wake.