Magoti ya Diwani Ngiri

Paukwa!

Pakawa.

Wale wa nyuma mmeitikia kwa pua. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa tuko pamoja. Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Majani walimchagua diwani wao. Alikuwa nani? Ngiri. Meno nje, mkia wima. Sura tuiache, si vizuri kusema ya watu.

Walimchaguaje? Siku ya kampeni, Pundamilia alipanda kichuguu, akapiga domo. Nyani akapanda juu zaidi, akapiga domo zaidi. Ikafika zamu ya Ngiri. Akaja mbele, akapiga magoti. Pu! Kichwa chini, kimya.

"Jamani!" Kanga akalia. "Huyu anatupigia magoti! Ana heshima huyu!"

"Ngiri! Ngiri! Ngiri!" Wakampa kura zote.

Sasa, ngiri hula vipi? Hupiga magoti. Shingo fupi, nyasi ziko chini, afanyeje? Ngiri wa watu alikuwa na njaa tu! Alipoinua kichwa, mdomo umejaa, tayari ni diwani.

Akaona aibu kusema. Lakini kila alipopiga magoti ale, alisikia visauti huko chini.

"Mheshimiwa, tembo wanatukanyaga," Siafu akasema.

"Mheshimiwa, njia ya bwawani ni kavu, tumbo lanichubuka," Konokono akasema.

Ngiri akainuka. Kwatu, kwatu, kwatu, akaenda kuzungumza na tembo. Akarudi, akachimba mfereji kwa meno yake mwenyewe. Chimba, chimba, chimba, jino moja likakatika. Maji yakapita, njia ikalowa. Uchaguzi ukaja, akachaguliwa. Ukaja mwingine, akachaguliwa. Mara saba! Mwishowe mgongo ukakataa, akasema anastaafu.

Siku ya kumuaga, bonde likajaa. Ngoma, vigelegele! Lakini Ngiri hakuwa na raha. Nikisema ukweli, aliwaza, jina langu jema litaishia leo. Nisiposema, nitapumzika vipi na uongo moyoni? Aliogopa mpaka mkia ukalala. Akasema.

"Jamani, ile siku ya kwanza sikuwapigia magoti. Nilikuwa nakula."

"Mheshimiwa," Kanga akasema, "si tulijua siku ileile! Ulitushukuru huku nyasi zinakutoka mdomoni!"

Bonde zima kwa kwa kwa!

"Sasa mbona mlinichagua tena mara sita?"

Konokono akasogea mbele. Wakamsubiri. Wakamsubiri sana.

"Tumbo langu halijachubuka tena, mheshimiwa," akasema. "Ndiyo maana."

Ngiri akacheka na kulia pamoja. Wakambeba juu juu, mzito huyo, wakamwangusha, wakambeba tena!

Diwani mpya, Digidigi, alikuwa akitazama. Naye akapiga magoti mbele ya watu. Pu!

"Inuka, mwanangu," Ngiri akamwambia kutoka huko juu alikobebwa. "Goti lako liko juu ya Siafu, na ana shida yake. Msikilize."

Basi, wakubwa kwa wadogo, ndiyo hayo: kiongozi hakumbukwi kwa namna alivyoomba kura, hukumbukwa kwa shida alizosikiliza na kuziondoa. Hadithi yangu imeishia hapo, na aliyecheka kuliko wote aniletee maji ya kunywa.