Mwosha Aliyeiga Kimya cha Mwalimu Wake

"Nani alimwosha mwanangu, na aliona nini?"

Swali hilo liliulizwa mchana kweupe, katika ua uliojaa wanawake, na hapakuwa na hata mmoja aliyelijibu. Wamesimulia waliotutangulia, na ukweli wa yote uko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba aliyeuliza alikuwa mama mtu mzima, Bi Mwanahawa, aliyewasili kutoka kisiwa cha pili jeneza la binti yake Batuli likiwa limekwisha kutoka mlangoni. Mwenye jibu alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka kwake, mikono yake bado ikinukia kafuri. Akainamisha macho. Jina lake Mwanakheri, na kisa hiki ni chake.

Msimhukumu bado. Mjue kwanza alifikaje pale.

Katika mji huo wa kale wa mwambao aliishi mcha Mungu mmoja, Bi Saada binti Ame, mwosha wa maiti wa kike. Alikuwa akiosha maji yasimwagike nje ya ufuo, ule mfereji unaochimbwa chini ya kitanda cha kuoshea. Aliuinua mkono wa maiti kama anayemwinua mtoto aliyesinzia, asimwamshe. Wafiwa walisema kwamba akiingia Bi Saada, hata kilio cha nyumbani hupata adabu.

Mwanakheri, mjane kijana asiye na mtoto, alitamani kuwa kama yeye. Siku ya kwanza aliimwagia sanda kata nzima ya maji. Siku ya pili akazirai. Mwingine angeacha. Yeye akaazimia kumtazama Bi Saada kama mtoto wa chuoni anavyoutazama ubao wake, na akamtazama mwaka mzima. Akaiga anavyokunja mikono ya kanzu, anavyoanzia kulia, anavyotaja jina la Mola kabla ya kugusa, anavyofikicha majani ya mkunazi mpaka yatoe povu jembamba. Akaiga mpaka shingo. Bi Saada alikuwa na shingo iliyoinama kidogo kushoto kwa sababu ya jipu la utotoni, basi Mwanakheri naye akawa anapita njiani shingo upande.

"Mwanakheri, na jipu nalo umelirithi?" wakamtania wenzake kisimani.

"Chekeni tu, mashoga zangu. Siku zenu zikifika mtataka niwalaze hizo shingo vizuri."

Wakacheka, lakini misiba ilipowafika walimwita. Mikono iliyoimwagia sanda maji ilikwisha kutulia. Ukweli lazima usemwe: kuiga kulimfaa. Asiye na wa kumfuata hujifunza kwa kuwaumiza watu, na mimi sipingi kabisa kwamba mja anahitaji kiigizo.

Ila kitu alichokipenda Mwanakheri kuliko vyote kwa mwalimu wake kilikuwa kimya. Mwosha huona yasiyoonwa na mwingine: kidonda kilichofichwa miaka, kovu, uso uliobadilika. Amana yake ni kusitiri. Wambeya walipomvizia Bi Saada mlangoni wakitaka habari, siku zote jibu lilikuwa moja: "Nimeona maji, na mja wa Mungu aliyerudi kwa Mola wake." Kisha akaenda zake. Mwanakheri akayahifadhi maneno hayo kama anavyohifadhi sura.

Ukafika mwaka ambao Bi Saada alijaliwa kwenda Hija, safari ya miezi mingi kwa zama hizo. Akamwachia kazi. "Fanya kama ulivyoniona nikifanya," akamwambia. Hakuongeza neno.

Mwezi wa pili Mwanakheri akaitwa nyumbani kwa Bwana Athmani, mtu wa safu ya mbele msikitini, aliyefuturisha watu kwa tende kila Ramadhani. Mkewe Batuli, aliyekuwa na miezi minane tu ya ndoa, ilisemwa amefariki kwa homa. Bwana Athmani alitaka azikwe kabla ya adhuhuri.

Mwanakheri akakunja mikono ya kanzu, akataja jina la Mola, akaanzia kulia. Chini ya kitambaa akaona mbavu zilizobonyea upande mmoja. Akaona alama mpya juu ya alama za zamani, na shingoni vidole vinne na gumba. Aliyekuwa akimmiminia maji ni dada yake Bwana Athmani. Yule bibi akageukia ukuta.

"Homa," akasema, wala hakuna aliyemuuliza.

Mwanakheri akamwosha Batuli mara tatu, kisha akaongeza hata zikatimia tano, kwa upole ambao hajawahi kumpa maiti mwingine. Akamkafini. Sanda ikafunika kila kitu.

Hapo ndipo Bi Mwanahawa alipofika na swali lake. Na moyo wa Mwanakheri ukamwambia: Bi Saada angenyamaza. Akanyamaza.

Mnaliona kosa lake? Mwongo hawezi kukosea hivi, wala fasiki. Kosa hili ni la mtu mwema aliyejifunza kwa bidii.

Arobaini ikapita, Bwana Athmani akaoa tena. Safari hii alimwoa Msena, binti yatima asiye na wa kumsemea.

Bi Saada aliporudi salama, Mwanakheri alikuwa wa kwanza kwenda kumbusu mkono.

"Mwanangu, amana yangu uliitunza?"

"Niliitunza, Bi Saada. Hata kwa Batuli wa Bwana Athmani, na mwili wake jinsi ulivyokuwa. Mama yake mzazi aliuliza mbele ya watu, nami sikutoa neno."

Bi Saada akaweka chini kikombe alichokishika. "Mwili wake ulikuwaje?"

Mwanakheri akamweleza. Bi Saada akalia muda mrefu bila sauti, kisha akauliza: "Ulimsitiri nani?"

"Nilimsitiri maiti."

"Maiti ana aibu gani kwa kupigwa, Mwanakheri?"

Mwanakheri akaitazama mikono yake.

"Alama kama hizo nimeziona mara mbili katika umri wangu," akasema Bi Saada. "Mlangoni niliwaambia wambeya kwamba nimeona maji. Kisha nikaenda kwa kadhi kwa miguu yangu nikamwambia vyote, nikaenda kwa mzazi wa maiti nikamwambia vyote. Mara ya pili wewe ulikuwapo. Ulibaki nyuma ukikunja vitambaa."

"Mbona hukunifundisha hilo?"

"Hukuniuliza. Nami nilidhani aliyeiona shingo yangu yote hii ameuona na moyo wangu. Hilo ni kosa langu, nitaulizwa mimi kwa Mola wangu. Lakini Msena yumo katika nyumba ile sasa hivi."

"Nikisema leo, watu watasema nilificha. Hataniita mtu tena."

"Watasema hivyo," akajibu Bi Saada, "na watakuwa wamesema kweli. Inuka twende."

Mbele ya kadhi Mwanakheri aliyataja aliyoyaona, moja baada ya jingine, bila kupunguza na bila kujitetea.

"Kwa nini ulinyamaza siku mia na zaidi?" kadhi akamuuliza.

"Nilimwiga mtu mwema, bwana kadhi, lakini nilimwiga nusu."

"Nusu ipi?"

"Ile inayoonekana."

Bwana Athmani akaitwa, akaapa kwamba ilikuwa homa. Dada yake akaitwa, naye akaapa vilevile. Mwili ulikwisha kuzikwa na shahidi alikuwa mmoja, aliyechelewa. Kadhi hakupata njia ya kumhukumu kwa damu ya Batuli. Alichoweza ni kutuma wanawake waadilifu wakamtazame Msena, na waliporudi walizieleza alama zilezile huku wakilia. Ndoa ikavunjwa siku ileile. Msena akatoka akiwa hai, alhamdulillahi, lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena mpaka alipoingia kaburini. Bwana Athmani akabaki na safu yake ya mbele. Ndiyo, akabaki nayo, na tende zake watu wakaendelea kuzila.

Kisha Mwanakheri akavuka kwenda kisiwa cha pili. Bi Mwanahawa alimpokea kibarazani, akasikia alichojia, akakaa kitako.

"Niambie zote. Usinihurumie."

Mwanakheri akaanza. Kila alipotaja alama, Bi Mwanahawa aliweka kidole mahali pake juu ya mwili wake mwenyewe: bega, kiwiko, mbavu za kushoto. Walipofika shingoni akaweka vidole vinne na gumba, akauacha mkono hapo.

"Siku ile niliuliza," akasema.

"Uliuliza, mama."

"Ulikuwa mbali nami?"

"Hatua tatu."

Bi Mwanahawa akaushusha mkono. "Mungu ni Mwingi wa kusamehe, basi Yeye akusamehe. Mimi ni mja tu. Bado sijaweza." Kisha akainuka, akamletea maji ya kunywa, kwa kuwa alikuwa mgeni na ametoka mbali.

Inasimuliwa kwamba Bi Mwanahawa alifariki mwaka wa pili wake, na hatujui kama aliweza. Mwanakheri aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nyumba kubwa hazikumwita tena. Walisema mdomo wake uko wazi. Akawa mwosha wa maskini na wageni wasio na jamaa, na hakuna aliyepita mikononi mwake akiwa amedhulumiwa, kadhi asipate habari kabla ya sala ya maiti.

Mtaniambia hadithi hii inavunja adabu ya kusitiri. La, inailinda. Sitara ni vazi la aliyedhulumiwa, na anayemvisha dhalimu amemvua aliyedhulumiwa. Na hawa tunaowapenda, tumezoea kuwaiga kilemba, sauti ya kusoma, namna ya kushika tasbihi, mpaka kikohozi. Tunakuwa hodari kweli, watu wanatusifu, tukafikiri tumefika. Kumbe ucha Mungu wao ulikuwa umekwenda mahali pengine, peke yake, wakati sisi tunakunja vitambaa. Mwanakheri alilijua hilo kwa gharama ya sikio la mtu mwingine.

Basi nakuomba jambo moja wewe unayenisikiliza. Yule unayemfuata, kama yu hai, nenda kwake wiki hii, ukae chini, umuulize alifanya nini siku ambazo hukuwapo.