Muhanga na Wageni wa Kuangalia Shimo

Jamani, mpo?

— Tupo!

Mmekaa au mmesimama?

— Tumekaa!

Basi sogeeni, nina kisa.

— Kilete!

Hapo zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipangishana mashimo kama sisi tunavyopangishana vyumba, paliondokea Muhanga. Muhanga mnamjua: masikio kama ya punda, pua ndefu, kucha za kuchimbia. Usiku alitembea kutafuta mchwa, mchana alilala. Na popote alipopita alichimba, kwa hiyo alikuwa na mashimo mengi kuliko usingizi wake.

Shimo moja, lile la karibu na mkwaju, alimpangisha Nguchiro na mkewe. Walipatana hivi: Nguchiro watafukuza nyoka wote upande ule, na watakaa mpaka ukwaju uive na kuanguka. Ukianguka watatoka wenyewe, bila kusukumwa. Muhanga akasema sawa. Nguchiro wakasema sawa. Wakaingia.

Wakafukuza nyoka. Fira akahama, kifutu akahama, hata chatu akaaga. Mama Nguchiro akajifungua watoto watatu, wadogo kama vidole gumba, macho bado yamefumba. Na kule juu ukwaju nao ukaanza kutoka, mbichi, wa kijani.

Muhanga akautazama ukwaju ule akawaza kwamba hawa wakitoka shimo litabaki tupu, afadhali atafute mpangaji mwingine mapema. Kuwaza hivyo hakukuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa katika namna alivyotafuta.

Alfajiri moja, akirudi kutoka kwenye mchwa wake, Muhanga alimleta Fisi. Hawakubisha hodi. Nguchiro walishtukia pua mbili ziko chumbani. Muhanga akaanza kusifu: kuta hizi imara, baridi hii haipatikani kwingine. Fisi hakutazama kuta. Alinyoosha shingo mpaka jikoni, akayaona mayai ya kanga waliyoweka akiba, akayala yote. Alipoulizwa akasema alikuwa anaangalia kama jiko linafaa.

Jioni yake, Nguchiro wanawalaza watoto, Muhanga kaamka, huyo anamleta Nungunungu. Hawakubisha hodi. Nungunungu akataka kujua kitanda kinamtosha au hakimtoshi, akalala, akageuka huku, akageuka kule. Alipoondoka aliacha miiba saba kwenye nyasi za watoto. Mtoto mmoja ikamchoma unyayoni, akalia mpaka sauti ikakauka.

Alfajiri ya pili yake, Ngiri. Hawakubisha hodi. Na Ngiri, kama mjuavyo, shimoni haingii kwa kichwa, huingia kinyumenyume. Likaja lile tako mlangoni, likaziba mwanga wote, likarudi nyuma, likarudi nyuma, likaanza kushuka likae. Chini yake palikuwa na kitinda mimba. Mama Nguchiro alimdaka mwanawe kwa ngozi ya shingo, akamvuta. Ngiri akakaa pale pale alipokuwa mtoto, akasema panafaa.

Siku hiyo Baba Nguchiro alikasirika. Akasema atamng'ata Muhanga ile pua. Mkewe akamwambia pua ile ni ngumu, meno yake ndiyo yatakayovunjika. Basi tuhame leo hii, akasema mume. Mke akamuuliza watahamia wapi na watoto ambao hawajafumbua macho.

Mama Nguchiro akatoka, akaenda hadi shimo la Muhanga mwenyewe, lile la chini ya mgunga. Alimkuta anajiandaa kulala. Akabisha hodi, akaamkia.

"Shikamoo, Bwana Muhanga."

"Marahaba."

Akamweleza yote, la mayai, la miiba, la mtoto. Akamwomba kwa heshima achague siku moja, awaambie mapema, awalete wageni wote pamoja, na wabishe hodi. Hakuomba lingine.

Muhanga akapiga miayo. "Shimo nimelichimba kwa kucha hizi. Kwa Muhanga hakuna hodi. Anayetaka kuona nyumba yangu aingie, saa yoyote."

"Saa yoyote?"

"Saa yoyote."

"Nimesikia, Bwana," akasema Mama Nguchiro, akarudi kwake. Mumewe alimwona anakuja anatabasamu, akaogopa zaidi kuliko angemwona analia.

Mchana ule, jua limekaa utosini, Fisi akarudi peke yake. Alisema anataka kuiona tena nyumba ya Muhanga, hasa upande wa jikoni. Mama Nguchiro alikuwa amekaa mlangoni.

"Nyumba ya Muhanga ni ile pale chini ya mgunga," akamwambia. "Mimi hapa ni mpangaji tu. Nenda, ingia. Mwenyewe kasema kwake hakuna hodi."

Hapo alisema uongo?

— Hapana!

Fisi akaenda. Muhanga yuko katika usingizi ule mtamu wa kwanza, masikio yamelala, ulimi nje. Akashtuka kuna mtu anamnusa kwapa. Alimfukuza, akalala tena, lakini usingizi ukishakatwa haurudi mzima.

Mchana wa pili akaja Nungunungu. Naye akaelekezwa vile vile, kwa adabu vile vile. Muhanga alijigeuza usingizini akakumbatia miiba.

Mchana wa tatu akaja Ngiri. Naye akaelekezwa. Akaingia kinyumenyume, kama alivyozoea, wala hakuona kuna mtu. Alirudi, akarudi, mpaka akamkalia Muhanga pua. Muhanga akapiga kelele, lakini kelele za mtu aliyekaliwa pua hazifiki mbali. Baba Nguchiro aliyekuwa akichungulia majanini alicheka mpaka akalala chali.

Siku tatu bila usingizi si mchezo. Usiku ule Muhanga alitembea anayumba, macho mazito kama yamepakwa gundi. Akaona kitu kinasogea ardhini, akadhani mchwa, akatia ulimi. Walikuwa siafu.

Alfajiri alikuja kwenye mkwaju, peke yake. Mama Nguchiro alisikia hatua zake zikikaribia mlango, akawakusanya watoto nyuma yake. Hatua zikasimama. Kisha sauti nzito ya mtu mwenye ulimi uliovimba:

"Hothi."

Baba Nguchiro akataka kuitikia. Mkewe akamziba mdomo.

"Hothi," tena. Kimya. "Hothi, Mama Nguchiro."

"Karibu, Bwana Muhanga. Karibu nyumbani kwako."

Muhanga akaingia polepole, akakaa karibu na mlango kama wageni wanavyokaa. Akawaona watoto. Walikuwa wamefumbua macho jana yake, wakamkodolea. Alikuwa amekuja na maneno ya ukali, lakini ulimi haukuyaweza, na macho yale sita yakamtia haya. Akauliza yupi aliyenusurika kukaliwa. Mama akamwonyesha. Muhanga akamtazama yule mdogo kwa muda, akajipapasa pua.

"Unauma," akasema. "Uzito wa Ngiri unauma."

Mama Nguchiro akakubali kwamba yeye ndiye aliyewaelekeza, wala hakuomba msamaha. Akachemsha majani ya kupoza ulimi. Wakapatana upya: wageni watakuja siku moja tu, asubuhi jua limeshapanda, watakaa foleni nje, wataingia mmoja baada ya mwingine, na Fisi hatapita jikoni.

Siku ilipofika Nguchiro walifagia nyumba ikang'aa. Mama mwenyewe aliwatembeza wageni. Alisifu panaposifika, na akaonyesha pia pembe inayovuja mvua ikija ya upepo. Ngiri ndiye aliyelichukua shimo, maana kuvuja hakukumsumbua, yeye hupenda tope. Ukwaju ukaiva, ukaanguka. Nguchiro wakatoka na watoto wao watatu wanakimbia mbele, wakaenda kukaa kwenye kichuguu cha zamani ng'ambo ya bonde, na Muhanga akawabebea nyasi za kitanda.

Wanangu, fundisho ni hili. Ukimpangisha mtu nyumba umempa na mlango wake, mpaka siku mliyopatana ifike. Kuta ni zako, lakini humo ndani kuna watu wanalala. Na wewe mpangaji, mwenye nyumba akikosa adabu, usimwige. Mfanye aonje kidogo, kisha mkaribishe.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Utamu wake gawaneni, ukiwa na uchungu niachieni mwenyewe.

Tumeelewana?

— Tumeelewana!