Kima Aliyewafukuza Maji Moto

Paukwa!

Pakawa!

Mbona Pakawa yenyewe ya njaa? Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa nimesikia watu.

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi yangu alisimuliwa tu, palikuwa na kisiwa. Kisiwani palikuwa na shamba. Shambani palikuwa na kima, jina lake Vuai. Mkia mrefu, maneno mengi, subira haba.

Vuai alirithi kwa mama yake michenza kumi na saba. Hakuitilia kitu ila majani makavu, makumbi ya nazi na kinyesi cha popo. Na machenza yake, jamani! Akimenya moja huku, jirani anameza mate kule.

Lakini michenza ile ilikuwa na wenyewe wengine. Maji moto! Mnawajua? Wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti wakafanya nyumba, na wakikuuma unaungua kama umemwagiwa birika. Walikuwa kila tawi. Na kazi yao waliifanya kwa wimbo. Imbeni nami:

Shona jani, shona!
Uma mwizi, uma!

Kila asubuhi Vuai alipanda kuchuma. Chwi! Kaumwa kidole. Chwi! Kaumwa sikio. Chwi! Kaumwa pale nisipopataja mbele ya watoto. Anashuka mbio, anacheza ngoma isiyo na mpigaji.

"Mimi ndiye mwenye shamba!" anapiga kelele.

"Nasi tunalinda," anajibu Jemadari wao, chungu mdogo mwenye sauti kubwa. "Ungevaa kengele tungekujua."

Basi Vuai alikuwa na mchumba, Mize, kima wa ng'ambo ya kijito. Alimpenda mpaka akisikia jina lake anakosa tawi. Ameshaanguka mara mbili. Mize naye alimtaka, ila neno la mwisho lilikuwa la bibi yake, Bi Kazija, kima kikongwe mwenye meno manne na maoni mia. Bi Kazija akatuma salamu: "Siku ya saba nakuja kuliona shamba. Nikiridhika, mtaoana. Nisiporidhika, mtaonana kwa mbali."

Vuai akaingiwa na hofu. "Bi Kazija akiumwa na hawa wekundu, nimekwisha!"

Kunguru mchuuzi akamsikia. Akatua karibu, chupa mguuni.

"Kaa! Kaa! Bwana harusi, nina dawa. Unanyunyiza mara moja tu."

"Inafukuza maji moto?"

"Inafukuza hata kivuli chao."

"Na machenza?"

"Yatang'aa kama sufuria mpya!"

Vuai akampa mapakacha mawili ya machenza, akachukua chupa. Akanyunyiza. Fyuuu! Akanyunyiza. Fyuuu! Maji moto wakakohoa. Wakabeba mayai, wakabeba watoto, wakambeba malkia wao aliyelalamika njia nzima, wakahamia mzambarau wa mpakani. Jemadari alitoka wa mwisho.

"Haya, Vuai," akasema. "Chuma kwa raha."

Siku ya kwanza Vuai alichuma kwa raha. Siku ya pili alijinyoosha juu ya tawi kama sultani. Siku ya tatu akaona wageni. Kunguni wa matunda, wale wenye midomo mirefu ya kufyonza. Walikuja wawili. Wakaangalia kulia. Wakaangalia kushoto.

"Hakuna mlinzi?"

"Hakuna!"

Wakaita shangazi zao. Wakaita wajomba zao. Wakafyonza, wakafyonza, wakafyonza. Siku ya tano machenza yakaanza kudondoka. Pu! Pu! Pu!

Vuai akamkimbilia Kunguru. "Dawa yako haiwafukuzi hawa!"

"Kwa hawa ipo dawa nyingine," akasema Kunguru. "Na ukiimaliza hiyo, ipo nyingine."

Vuai hakuwa na pakacha tena la kumpa. Mnacheka? Chekeni tu, shamba si lenu.

Siku ya saba Bi Kazija akafika. Machenza machache yaliyobaki Vuai ameyapangusa, na yale yenye madoa ameyageuza, madoa yatazame shina.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Niache nikae."

Bi Kazija akakaa kwenye mchenza wa kwanza. Kimya. Akahamia wa pili. Kimya. Akahamia wa tatu, akakaa, akakaa, akakaa.

"Vuai!"

"Naam, bibi."

"Nimekaa miti mitatu mpaka kalio limekufa ganzi, na sikuumwa hata mara moja. Maji moto wako wapi?"

"Nimewafukuza, bibi. Kwa heshima yako."

"Heshima yangu!" Bi Kazija akachuma chenza, akalimenya. Ndani kavu kama makumbi. "Mimi niliolewa kwenye shamba la maji moto. Niliumwa siku ya harusi, nikaumwa kila siku, na wanangu tisa hawakulala njaa. Mjukuu wangu hapa atakula nini? Mng'aro?"

Posa ikakataliwa palepale. Vuai akalia. Kima akilia kwa makelele si neno, lakini Vuai alilia kimya, na Bi Kazija akamwonea huruma.

"Msimu ujao nitakuja tena," akasema. "Nitakaa. Nisipoumwa, Mize ataolewa kwingine."

Mvua zikanyesha, zikaosha majani. Vuai akaenda kwenye mzambarau wa mpakani, mkia chini.

"Nimekosa," akasema. "Rudini nyumbani."

Jemadari akafikiri. "Miti imeoshwa. Lakini ardhi yako bado inanuka dawa, hatuikanyagi. Tutengenezee njia ya juu."

Vuai akasokota kamba ya usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Akasokota siku tatu, viganja vikachubuka. Akaifunga kwenye mzambarau, akaivuta hadi kwenye mchenza wa kwanza. Loo! Haikufika. Imepungua urefu wa mkia mmoja, na usumba umekwisha.

Jemadari akautazama mkia wa Vuai. Vuai naye akautazama.

"Hapana," akasema Vuai.

"Basi," akasema Jemadari, akageuka.

"Ngoja! Mkia upo."

Akaufunga mkia kwenye ncha ya kamba, akashika tawi la mchenza kwa mikono miwili, akaning'inia. Maji moto wakaanza kupita. Parapara, parapara! Mkiani, mgongoni, shingoni, mkononi, mtini. Tangu asubuhi hadi alasiri. Kwapa linawasha, hajikuni. Malkia alisimama sikioni mwake, akalalamika juu ya hali ya barabara. Na mara mojamoja, chwi!

"Samahani," anasema Jemadari. "Mazoea."

Vuai hakuachia tawi. Akifumba macho anamwona Mize.

Kunguni kule mtini wakaangalia kulia. Chwi! Wakaangalia kushoto. Chwi! Wakaondoka na shangazi zao na wajomba zao.

Msimu ukafika. Machenza yakaiva, matawi yakainama. Bi Kazija akaja, safari hii na Mize. Akakaa kwenye mchenza wa kwanza. Kimya. Mize kashika mdomo. Kimya bado. Vuai akataka kumwomba Jemadari amuume bibi wa watu, akaona haya.

Mara, juu ya majani, wakasikia kwa mbali. Imbeni!

Shona jani, shona!
Uma mwizi, uma!

CHWI!

"Ooowi!" Bi Kazija akaruka, akashika kalio la kushoto, akacheka mpaka meno yote manne yakaonekana. "Mize! Njoo uolewe!"

Harusi ikachezwa chini ya michenza ileile. Wengine walicheza kwa furaha, wengine kwa kuumwa, na hakuna aliyejua nani ni nani.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo. Usimfukuze anayekulindia chakula chako kwa sababu tu anakuuma kidogo. Na anayekuuzia mng'aro, muulize kwanza utakula nini.

Hadithi yangu imeishia hapo, juu ya tawi la mchenza. Anayeitaka zaidi apande mwenyewe, akae, atasimuliwa.